Daftari la Mali ya Leta



Nataka kuanza na neno moja dogo ambalo sote tumekua nalo vinywani, nalo ni neno Leta. Babu zetu walisema Bula Matari, wakimaanisha yule mvunja mawe aliyewajia na bunduki na kodi. Baba zetu wakalichukua neno la Kifaransa lenye maana ya dola, wakalilainisha kwa ulimi wetu. Na sisi twasema nyumba ya Leta, njia ya Leta, shamba la Leta, dawa za Leta. Lakini litazameni vizuri neno hili jinsi linavyotumika sokoni na barazani, nanyi mtaona kwamba maana yake imegeuka bila sisi kujua, kwa kuwa mtu akisema kitu fulani ni cha Leta, aghalabu hakusudii kwamba kina wenyewe ambao ni sisi sote, bali akusudia kwamba hakina mwenyewe hata mmoja, na ya kuwa atakayeung'oa mlango wake au kuumega ukingo wake hatakutana na mtu wa kumwuliza. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyonileta mbele yenu, kwa sababu naamini kuwa haikuzaliwa na ubaya wa watu wa Nundu, wala wa Fizi, wala wa Baraka, huku kwetu mashariki ya Kongo. Imezaliwa na kukosekana kwa daftari la kweli, lenye kuonyesha mali ya umma ni ipi, iko wapi, inaishia wapi, na ni amana mikononi mwa nani.

Nikiwa bado kijana nilifundisha katika shule moja ya pwani hii ya Ziwa Tanganyika, ambayo kwa heshima ya waliohusika sitaitaja. Shule ile ilikuwa na uwanja mpana ulioteremka kuelekea majini, ambamo watoto walicheza mpira na kulima bustani ya mihogo na maharagwe, na hakuna mzazi aliyeuliza uwanja ule ni wa nani, maana kila mtu alijua. Mwaka mmoja akatokea mtu na karatasi yenye muhuri, akatuambia kwa adabu kabisa kwamba nusu ya chini ya uwanja ameinunua, na kwamba ataanza kujenga baada ya mvua. Mkuu wa shule alifungua kabati lake, akatoa orodha za wanafunzi za miaka kumi na mitano, stakabadhi za chaki, barua za wakaguzi, hata cheti cha mpira tulioshinda; lakini karatasi ya udongo hakuiona, kwa kuwa haikupata kuwako. Mzee aliyepanda miti ya mpaka alikuwa amefariki ukimbizini Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa. Tulikwenda katika ofisi moja, tukaulizwa ithibati. Tukasema kila mtu anajua. Karani akajibu kwamba kila mtu hana sahihi. Uwanja ule leo una nyumba, na watoto huchezea njiani.

Nimewasimulia hayo si kwa kumlaumu karani, maana kwa mizani ya sheria alisema kweli. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 1973, inayohusu mali kwa jumla na udongo hasa, yasema kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja cha Leta huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa, na cheti hicho kikisha kutimiza miaka 2 bila kupingwa, ni vigumu mno kukiangusha. Maana yake ni kwamba wakati haukai upande wa anayejua bali hukaa upande wa aliyeandika, na kila mwaka unaopita huku shule, zahanati na soko letu vikiishi kwa sifa ya kujulikana tu, ni mwaka ambao mtu mwenye kalamu aweza kuutumia.

Lakini ili tuelewe kwa nini daftari la mali ya Leta limekuwa gumu kuandikwa, imetupasa kurudi nyuma kidogo, hata tarehe 1 Julai 1885, siku ambayo amri ilitolewa kwa jina la dola ya Mfalme Leopold kwamba ardhi yote isiyokaliwa na mtu ihesabiwe kuwa ni mali ya dola. Kwa msomaji wa mbali maneno hayo yaonekana ya insafu, kwani asiye na mwenyewe si hupewa mlezi? Kwa wazee wa milima ya Itombwe na wa pwani ya Tanganyika, hata hivyo, nani aliyekuwa na haki ya kusema kwamba pahali fulani hapana mtu? Shamba lililopumzishwa miaka minane ili udongo upate nguvu lilionekana halina mtu. Msitu wa kuwinda ulionekana hauna mtu. Makaburi yaliyoota nyasi yalionekana hayana watu, hali yalikuwa na watu wengi kuliko kijiji. Daftari la kwanza la mali ya Leta katika nchi hii, basi, liliandikwa kwa macho ya mpita njia. Mnamo mwaka 1928 Wabelgiji wakaunda Kamati ya Taifa ya Kivu, wakaikabidhi madaraka makubwa ya kugawa ardhi za Kivu kwa walowezi na makampuni, na hao nao wakapima na kuandika kwa ustadi mwingi yale waliyoyataka, wakiyaacha mengine yote katika lile fumbo la ardhi isiyokaliwa.

Baada ya uhuru viongozi wetu waliona kwamba mali kubwa ya nchi ilikuwa imebaki katika hati za makampuni, na kwa sheria ya tarehe 7 Juni 1966, inayojulikana kwa jina la Bakajika, Jamhuri ikairudisha milki hiyo kwake. Ikafuata sheria ile ya 1973, ambayo kifungu chake cha 53 chasema kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake, haiuziki wala haipotei kwa kupita kwa wakati. Vifungu vya 387 na 388 vikaongeza kwamba hata ardhi zinazokaliwa, kulimwa na kutumiwa na jamaa za vijijini kwa mujibu wa desturi zao zimeingia katika milki ya Leta. Na kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za raia juu ya ardhi hizo zitatengenezwa na amri maalumu ya Rais wa Jamhuri. Vizazi vimepita, Mobutu, Rais wa wakati ule, aliondoka, wakaja marais wengine baada yake, na ahadi ile wanakijiji waliingoja bila kuiona ikitimizwa. Waliopewa ahadi hawakuacha kulima, na hawakuacha kurithishana; waliendelea kuishi juu ya udongo ambao sheria yasema si wao na moyo wasema ni wao.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mtu akichukua kifungu cha 53 kwa herufi zake, daftari la mali ya Leta ni jepesi kuliko yote duniani: utaandika mstari mmoja tu, Kongo, kisha utafunga kitabu. Daftari la namna hiyo limeandika kila kitu, na kwa hiyo halikuandika kitu, kwa kuwa haliwezi kumwambia mwalimu uwanja wake waishia wapi, wala kumwambia mjane kwamba muhogo wake umeingia ndani ya zahanati, wala kumzuia mwenye cheo asiigawie jamaa yake ile nyumba ya daktari. Daftari la haki lajulikana pia kwa yale lililokubali kuyaacha nje. Mwandishi wake anapaswa kuwa na ujasiri wa kusema kwamba hapa ndipo mwisho wa mali ya Leta, na kuanzia kwenye mwembe huu ni ya ukoo fulani. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yampa nguvu ya kusema hivyo, kwani ibara yake ya 34 yalinda milki ya mtu mmoja na ya jamaa iliyopatikana ama kwa sheria ama kwa desturi.

Sheria yenyewe, ukiisoma kwa utulivu, imetoa chombo cha kupambanulia. Yatenga mali za Leta zilizowekwa kwa matumizi ya umma au kwa kazi ya umma, na kifungu cha 10 chasema kwamba mali hizo haziingii sokoni maadamu hazijaondolewa katika kazi hiyo kwa njia halali. Hizo ndizo za kuanza nazo. Katika teritwari yetu ya Fizi ni zipi? Ni ile barabara ya taifa namba 5, itokayo Uvira ikafuata ziwa, ikatupitia hapa na kushuka Baraka, pamoja na kingo zake ambazo vibanda vimekwisha kuzila, ni madaraja, ni ofisi za teritwari kule juu Fizi, ni ofisi za sekta, ni magereza, vituo vya polisi na kambi, ni gati na fukwe ambapo mitumbwi ya watu wote hutia nanga, ni masoko, visima vya umma, makaburi ya umma, na shule na zahanati zilizojengwa na Leta yenyewe.

Nimesema zilizojengwa na Leta yenyewe kwa makusudi, kwa kuwa hapa petu jambo hilo lina mafundo. Hospitali kubwa ya Nundu, ambayo wengi wetu tulizaliwa ndani yake au tulimzika mtu wetu kutokea mlangoni pake, asili yake ni kazi ya wamisionari wa Kanisa la Methodisti Huru. Na hata hivyo ndiyo hospitali kuu ya eneo la afya la Nundu, na humo hufanyika kazi ya Leta. Kadhalika shule zetu nyingi: kwa mapatano ya mwaka 1977 baina ya Leta na makanisa, kanisa huongoza, Leta hulipa walimu na kutoa mitaala, na wazazi, kama mnavyojua kwa mikono yenu wenyewe, huchoma matofali. Jengo hilo ni la nani? Na udongo uliolibeba ni wa nani? Karani mvivu ataandika Leta, kwa sababu mwalimu hulipwa na Leta. Mchungaji ataandika kanisa, kwa sababu msalaba uko juu ya paa. Na mzee atasema udongo ni wa ukoo wetu, tuliutoa kwa mkono wa kulia ili watoto wasome, hatukuuuza. Mimi nasema wote watatu waandikwe. Safu moja ya daftari iwe ya mwenye udongo, ya pili ya mwenye jengo, ya tatu ya mwenye kazi inayofanyika ndani, na asiwepo wa kumfuta mwenzake. Nimeona ugomvi mwingi ambao haukutoka kwenye choyo, ila ulitoka kwenye daftari lenye safu moja tu.

Tena Leta yenyewe si mtu mmoja. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, mji, komuni, sekta na shefri ni nafsi za sheria, zenye bajeti yake na mali yake. Sekta zetu nne, yaani Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge, kila moja yaweza kumiliki soko na nyumba na mashua. Na mali ya sekta si ya jimbo, wala mali ya jimbo si ya serikali kuu ya Kinshasa. Nani kati yetu aweza kuniambia leo soko la Jumatano, au nyumba fulani ya zamani ya wageni, ni mali ya sekta au ya jimbo? Swali hilo halijibiwi kwa kubahatisha, na mpaka lijibiwe, paa likivuja kila mmoja atamtazama mwenzake.

Kuna sababu nyingine iliyotukosesha madaftari, nayo mwaijua kwa machozi. Vita vya 1964 vilipita hapa. Vikaja vya 1996. Vikaja vya 1998, ambavyo kijiji cha Makobola hakitavisahau kwa mauaji yaliyofanyika hapo. Katika kila vita karatasi huwa ndizo za kwanza kufa, ama kwa kuchomwa, ama kwa kufungiwa karanga. Watu wetu maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma, na wengi wao, kuanzia mwaka 2005, wakarudishwa kwa meli hata Baraka, wakakuta miti ya mpaka imekatwa kuni na wageni wa shida wamejenga juu ya alama. Wageni hao hawakuwa wezi. Walikuwa wakimbizi wa vita vingine. Mwaka 2015 Warundi nao walipokimbia kwao, kambi ikafunguliwa Lusenda, jirani yetu, nasi tukawapokea kama tulivyopokewa. Dola inayopaswa kumpa mgeni mahali pa kulala yafaa ijue, kabla ya dhiki kubisha hodi, ni ardhi ipi iliyo mikononi mwake kwa kweli na ipi itakayolazimika kuombwa kwa wenyewe.

Na ziwa nalo limetufundisha. Mwaka 2020 na 2021 maji ya Tanganyika yalipanda, yakapanda tena sana mwaka 2024, yakaingia Baraka na Uvira, yakazifuata nyumba na njia. Hati nyingi za zamani, zile chache zilizosalia, husema kiwanja chaanzia njiani hata majini. Majini wapi? Mtu mwenye hati hiyo leo anamiliki samaki. Mpaka ulioegemezwa kwenye kitu kinachotembea, uwe mto au ufuo, ni mpaka ulioandikwa kwa kidole juu ya mchanga. Heri upimwe kutoka nguzo ya daraja, au pembe ya kanisa, au jiwe ambalo babu alilikuta na mjukuu ataliacha.

Mtaniuliza kama kuna nchi yoyote iliyofanikiwa katika jambo hili, nami nitawajibu kwa habari mbili, moja ya karibu na moja ya kale.

Ya karibu ni ya Kenya. Mwaka 2003 serikali ya huko iliunda tume chini ya wakili Paul Ndung'u ichunguze ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria, na taarifa yake, iliyotolewa mwaka 2004, ikakadiria hati zilizotolewa kwa njia batili kuwa zapata 200,000: viwanja vya shule, vya hospitali, hifadhi za barabara, vipande vya misitu. Kenya haikuwa nchi isiyo na ofisi ya ardhi. Ilikuwa na ofisi, na ramani, na makarani hodari. Ilichokosa ni orodha ya mali ya umma iliyo wazi kwa umma, ambayo mama wa kawaida angeweza kuisoma na kusema, hiki ni chetu, kimeuzwaje? Katiba yao ya 2010 ikaunda Tume ya Taifa ya Ardhi kuwa mwangalizi wa ardhi ya umma, na sheria ya 2012 ikaipa wajibu wa kuitambua na kuiwekea kumbukumbu. Lakini hata baada ya hayo, mwezi wa Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta ukuta umekata uwanja wao. Wakausukuma kwa mikono yao midogo mpaka ukaanguka, na polisi wakawarushia moshi wa kutoa machozi. Nilipoona picha zile niliukumbuka uwanja wa shule yetu, na niliona haya kwamba sisi watu wazima hatukuwa na mikono kama ile.

Ya kale ni ya Khalifa Umar bin al-Khattab. Majeshi yake yalipoiteka Iraki, askari walidai mashamba mazuri ya Sawadi yagawanywe baina yao kama ngawira. Naye akakataa, kwa hoja kwamba akiwagawia waliopo, watakaokuja baadaye watakuta nini? Akayaacha mikononi mwa wakulima wake yawe chemchemi ya hazina ya watu wote, kisha akamtuma Uthman bin Hunayf akayapime. Uangalieni utaratibu wake: kwanza aliamua mali hii ni ya nani, na akawataja miongoni mwa wenyewe watu ambao bado hawajazaliwa, kisha ndipo akatuma kamba ya kupimia. Sisi mara nyingi huanza na kamba.

Sasa nije kwenye namna ya kufanya, kwa kuwa wazee hawakunialika nije kulalamika tu. Kupima thamani ya fedha kwaweza kungoja, na vyombo vinavyohamishika, kama pikipiki na mashine za mashua na madawati, vyahesabika kwa siku moja kila mwaka na mkuu wa ofisi mwenye nia safi. Kazi yenyewe ni udongo na majengo. Kwa hayo nashauri tuutembee mpaka. Watoke pamoja mwalimu au mganga mwenye dhamana ya mahali hapo, sefu wa lokalite, mpimaji wa kadasta akipatikana, majirani wa pande zote nne, na mzee mmoja anayekumbuka. Na wasisahauliwe akina mama wanaolima kandokando ya kiwanja, maana jembe hujua mpaka kuliko kiti cha sefu. Nao wachukue watoto wawili au watatu wa miaka kumi, watembee nao hatua kwa hatua, waguse kila jiwe, ili ukumbusho wa siku hiyo uwe na miaka sitini ya kuishi. Kijana mwenye simu anukuu vipimo vinavyotoka kwenye setilaiti katika kila pembe. Vipimo hivyo visipokubaliwa na jirani vitaleta kesi. Na kauli ya jirani isiyoandikwa vipimo itakufa pamoja naye. Twavihitaji vyote viwili katika ukurasa mmoja.

Kisha daftari lisomwe kwa sauti katika lubunga, yaani baraza letu la kijiji, na sokoni siku ya soko, na makanisani na msikitini, kwa lugha ambayo watu huiota usiku, yaani Kiswahili na Kibembe na nyinginezo za hapa, si kwa Kifaransa peke yake; libandikwe mahali pa wazi muda wa kutosha mtu aliyekwenda kuvua Ubwari arudi na kusikia. Palipo na ugomvi, paandikwe kwamba pana ugomvi, na maneno ya pande zote mbili yawekwe. Nawasihi sana juu ya hili, kwa kuwa daftari linalotaka kuonekana safi hushawishika kuuficha ugomvi, na ugomvi uliofichwa karatasini hutoka porini ukiwa na silaha. Nakala zikae zaidi ya mahali pamoja, sekta iwe na yake, teritwari iwe na yake, ofisi ya hati za ardhi iwe na yake, ili moto ukila moja usile kumbukumbu yote.

Najua wako miongoni mwenu ambao, tangu nilipotaja kupima, mioyo yao imeanza kwenda mbio. Mwasema: kila aliyetuhesabu alitutoza, na kila aliyepima shamba la baba alilichukua. Hofu hiyo siiiti ujinga. Ni elimu mliyoipata kwa gharama kubwa tangu mwaka 1885. Ndiyo maana nimesema daftari hili lijue pa kuishia. Sheria hiyo hiyo ya 1973, katika kifungu cha 193, yataka uchunguzi ufanywe kabla ya ardhi ya mashambani kutolewa kwa mtu, ili ijulikane ni nani mwenye haki hapo. Basi daftari la mali ya Leta likiwa la kweli litakuwa shahidi wenu katika uchunguzi huo, kwa sababu mahali ambapo Leta imekiri kwa maandishi kwamba mali yake imekoma, hapana afisa atakayesimama baadaye aseme yaendelea.

Na jambo la mwisho katika mlango huu ni zito, nalisema kwa upole. Daftari la mali ya umma lisifanywe fimbo ya kabila moja kulipigia kabila jingine. Mwaka 2020 tuliona jinsi komuni mpya ya Minembwe, iliyogombaniwa na majirani wa makabila tofauti, ilivyozua mzozo wa nchi nzima, hata Rais Tshisekedi akaja kuisimamisha. Na sikuja hapa kuamua nani alikuwa na haki. Natoa funzo la karani tu: mstari uliochorwa ofisini kabla ya majirani kukaa pamoja hauhesabiwi kuwa mpaka. Zahanati ya Leta haimwulizi mgonjwa ukoo wake. Udongo wake nao usiulizwe ukoo, uulizwe vipimo vyake.

Wengi wa wazee walioona mawe ya mipaka yakitiwa kabla ya uhuru wamekwisha kutangulia, na waliobaki hapa Nundu, Mboko, Swima na Lusenda nawajua karibu wote kwa majina, na kila msimu wa mvua jina moja hupungua. Kwa hiyo nina ombi, na ombi lenyewe ni la wiki hii. Yeyote mwenye karatasi ya zamani nyumbani kwake, iwe barua ya administrata, iwe ramani ya misheni, iwe stakabadhi iliyoliwa na mchwa nusu, ailete kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu naye ili inakiliwe mbele ya macho yake, na karatasi yake arudi nayo. Na yeyote mwenye babu au bibi anayekumbuka mpaka wa shule, wa zahanati, wa soko au wa makaburi, asimwache asafiri bila kumpeleka kwanza pale mahali, aweke mkono juu ya mti au jiwe, na mtu mwenye kalamu awe amesimama karibu. Tuanze na viwanja vya shule. Mimi nitakuwa kwenye shule ya hapa Nundu asubuhi ya Jumamosi, pamoja na daftari jipya ambalo bado halijaandikwa neno.